Baba Mkwe na Soketi ya Jikoni Kwangu

Friji yetu ilikuwa inauma. Ukigusa mlango wake ukiwa umevaa patipati, ilikaa kimya. Ukisahau ukaigusa pekupeku, sakafu ikiwa na maji, ilikung'ata kidole kama siafu na mkono ukarudi wenyewe. Tuliinunua kwa familia moja ya Kihindi iliyokuwa inahama mtaa wetu hapa Kisumu, na mama wa nyumba ile alituapia kwamba kwao haikuwahi kumsumbua mtu. Mume wangu alisema labda imekasirika kuhamishwa. Akafunga kitambaa kwenye mpini, akarudi kazini kwake Nakuru, nami nikabaki na friji iliyofungwa bendeji kama mgonjwa.

Ndipo baba mkwe akaja mjini kutibiwa macho. Alikuwa amefanya kazi ya umeme tangu ujana wake, kwenye viwanda vya sukari upande wa Muhoroni, na sasa mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili. Watu aliwaona kama vivuli. Rangi ndizo zilizompotea kabisa.

Kwa desturi yetu mzee halali nyumbani kwa mwanawe, kwa hiyo alilala mtaa wa Obunga kwa mpwa wake, na mchana alikuja kwangu kula. Kukaa naye kulinitia wasiwasi. Baba mkwe na mke wa mwanawe huheshimiana sana, na heshima yetu sisi wawili ilikuwa imezidi hata maneno yakaisha. Nilimnawisha mikono, nikamwekea samaki na kuon, yaani ugali, nikakaa mbali. Yeye aliniita Nyar Katito, yaani binti wa Katito, maana ndiko nilikozaliwa. Mazungumzo yetu yalikuwa salamu, mvua na chumvi.

Siku ya tatu au ya nne nilikwenda kumtolea maji baridi bila viatu. Nikapiga kelele kidogo.

"Ni nini?" aliuliza kutoka sebuleni.

"Si kitu, Baba. Ni friji. Inauma."

"Inauma ukiwa pekupeku?"

"Ndiyo."

"Sakafu ikiwa na maji?"

"Ndiyo, Baba."

Nilimsikia akicheka. Sikuwahi kumsikia akicheka. Alikuja kwa kupapasa ukuta mpaka mlango wa jikoni, akasimama hapo hapo. Jikoni kwa mke wa mwanawe hakuwa tayari kuingia, hata kwa ajili ya umeme. Akaniomba kiti, akaketi mlangoni na kutoa kwenye mfuko wa koti bisibisi, tesita ya kupimia umeme, tepe za rangi na mita ya zamani yenye mshale. Mtu aliyekuja kuona daktari wa macho alikuwa ametembea na vyombo vyake vyote.

"Nyar Katito," alisema, "leo wewe ni macho na mikono. Vaa viatu. Zima meni swichi."

Nilizima. Kisha akanituma sebuleni nifungue soketi ya huko kwanza, ambayo haikuwa na shida, nimwambie ninachoona.

"Kuna nyekundu, nyeusi na kijani."

"Hizo ni za zamani. Nyekundu ni waya wa moto, nyeusi ni nyutro, umeme unarudi kwa huo, kijani inaingia ardhini. Rudisha moto, usiguse kitu. Weka ncha ya tesita penye nyekundu."

Taa ndogo ndani ya tesita ikawaka. Penye nyeusi ikalala.

"Sasa tunajua tesita ni nzima," alisema. "Zima tena, uje jikoni."

Chumba cha jikoni kiliongezwa baadaye, na fundi mwingine. Nilipoivuta soketi yake ukutani nilikuta rangi nyingine: kahawia, buluu, na waya wa kijani wenye mstari wa manjano. Kahawia ilikuwa kwenye herufi L na buluu kwenye N.

"Ndivyo inavyotakiwa," alisema. "Kahawia ya moto, buluu ya nyutro. Na huo wa kijani umefungwa wapi?"

Nikachungulia. "Haujafungwa, Baba. Umekunjwa nyuma."

Alipiga paja lake. "Ndiyo maana. Umeme kidogo unavuja kwenye bati la friji, unatafuta njia ya kwenda chini, unakuta njia ni wewe."

Nilitaka kuufunga papo hapo, lakini akanizuia. Alisema bado hatujauliza hizo nyingine mbili. Nikarudisha moto na kuweka tesita penye kahawia. Haikuwaka. Nikaweka penye buluu. Ikawaka.

"Imewaka kwa buluu," nilisema.

"Angalia vizuri."

"Nimeangalia. Ni buluu, kama anga."

Akasema kwa furaha ambayo sijaisahau, "Basi fundi amezigeuza huko nyuma, na angetupata. Mtu anaweza kukosea rangi. Tesita ndiyo ya kuamini."

Tukazima. Nikaihamisha buluu kwenye L na kuizungushia utepe wa kahawia ili anayekuja asidanganyike, kahawia nikaipeleka N na kuizungushia wa buluu, na waya wa kijani nikaukaza mahali pake. Kila skrubu aliniambia nivute waya nione kama unatoka. Mwishowe nikarudisha moto, nikaweka mita kati ya moto na ardhi, nikamsomea mahali mshale uliposimama.

"Ber," alisema. Vizuri. "Ardhi yako inafanya kazi."

Nikazima tena, nikairudisha soketi ukutani, nikawasha na kuchomeka friji, kisha nikavua viatu. Alinikataza, nami nikamwambia kwa heshima zote kwamba friji ni yangu. Nikamwaga maji kidogo sakafuni, nikaishika kwa kiganja chote. Ilikuwa baridi, basi. Nilijikuta nacheka peke yangu kama mwendawazimu, naye mlangoni akauliza, "Sasa utanipa yale maji?"

Wiki mbili baadaye alifanyiwa upasuaji wa jicho la kwanza. Kitu cha kwanza alichotaka kuona kwangu ni ile soketi. Niliifungua nikamletea tochi, naye safari hii akaingia jikoni, akasema desturi itamvumilia. Alitazama muda mrefu. Akasema utepe wangu umepinda, lakini kazi ni ya fundi.

Siku hizi, akiwa kwake, hunipigia simu mimi, si mwanawe. Juzi tulizungumza karibu saa nzima juu ya swichi ya jirani yake inayotoa cheche, na tumekubaliana niende huko na vyombo vyangu.