Mlima Uliojifunika Kabla Hatujafika

Asifiwe Mungu aliyeiinua milima kabla hajaumba jicho la kuitazama, na ambaye hachoki kumsikiliza mzee anayemshukuru kwa kujikongoja. Amenipa miaka mingi, watoto walio hai, na mke aliyenivumilia. Namshukuru kwa hayo yote. Jambo ninaloliandika hapa nimejaribu kumshukuru kwalo pia, kila mwaka najaribu, na bado sijaweza.

Sisi wa Busia hatuna desturi ya kusafiri kwenda kutazama tu. Miaka ile ya tisini mtu aliondoka nyumbani kwa sababu ya matanga, harusi, hospitali au biashara ya mpakani. Ukimwambia jirani unakwenda mlimani kupumzika, atauliza ni nani amekufa huko. Na hata hivyo tumezungukwa na mahali pazuri. Kusini kuna vilima vya Samia, na ukipanda hapo upande wa Funyula unaliona ziwa limetulia kama sinia. Ng'ambo ya Malaba kuna mwamba wa Tororo, umesimama peke yake kama kitu kilichosahauliwa shambani. Na kaskazini kuna Mlima Elgon. Huo hauonekani kila siku. Huonekana asubuhi, hasa baada ya mvua ya usiku, wa rangi ya bluu, mpana kuliko ulivyo mrefu. Jua likipanda unatoweka, usijue umekwenda wapi.

Mke wangu alizaliwa Adungosi, na huko mlima huonekana vizuri kuliko kwetu mjini. Alikua akiutazama kila alipokwenda kuteka maji. Siku za kwanza za ndoa yetu aliniambia kwamba alipokuwa msichana alijiuliza kama kuna mtu kule juu anayeiona nyumba yao. Baadaye mama yake alipoezekewa mabati, swali likakua, maana mabati hung'aa.

"Mwalimu," alikuwa akiniambia, kwa kuwa nilifundisha shule ya msingi na yeye hakuwahi kuniita jina jingine, "tumeutazama huo mlima maisha yote. Mimi nataka mara moja tu nisimame kwake, nitazame kwetu."

Nikasema tutakwenda. Nilisema hivyo nikiwa kijana, nikasema hivyo tukiwa na watoto watano. Miaka ya tisini ilipoanza kulikuwa na fujo chini ya mlima, watu wakichomeana nyumba, na hakuna aliyekwenda huko kwa starehe. Fujo zilipotulia nikawa mzee wa kanisa, na kila Jumamosi kulikuwa na kikao. Mimi ni mtu wa subira. Watu wamenisifu kwa hilo mbele ya kusanyiko. Sikujua kwamba subira yangu ilikuwa ikila siku za mtu mwingine.

Kisha macho yake yakaanza. Alikuwa akimimina chai nje ya kikombe. Aligonga bega kwenye mlango aliopita kwa miaka ishirini. Tulipofika kwa daktari wa macho, jicho la kushoto lilikuwa limekwisha, na la kulia lilikuwa likiona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Daktari alisema ni presha ya macho, na kwamba kilichopotea hakirudi. Alimpa dawa ya matone, kisha akanigeukia mimi. "Mzee, kama kuna kitu mama anatamani kuona, aone sasa. Usingoje."

Safari hii sikungoja. Niliomba gari la kanisa, pikapu ya kijani, kwa siku moja ya Jumamosi. Dereva alikuwa mtu wa maneno mengi aliyewahi kubeba kabeji kutoka mlimani kwa miaka kadhaa kabla ya kuajiriwa na kanisa. Gari lilipaswa kurudi jioni ile ile, kwa kuwa Jumapili lilimpeleka kasisi kwenye makanisa ya mbali.

"Mzee, ule mlima haungojei mtu," dereva alinionya tangu Ijumaa. "Saa tano unavaa blanketi, basi. Tutoke saa kumi na moja, tusisimame popote, saa tatu tuko juu. Mama atatazama mpaka achoke."

Tulitoka saa kumi na moja kamili. Mke wangu alikaa katikati, amevaa sweta mbili, moja juu ya nyingine, na mapajani alishika themosi ya chai. Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Tulipokaribia Adungosi kulikuwa kumepambazuka, na mlima ulikuwa pale, mzima, kama umeoshwa.

Hapo ndipo nilipokosea. Nyumba ya wakwe zangu haiko mbali na barabara. Nikamwambia dereva akate kona.

"Mwalimu, tupite," mke wangu alisema. "Tutawasalimia tukirudi."

"Nitapitaje nyumbani kwa mama yako kama mwizi? Gari lenyewe wanalijua. Dakika tano tu."

"Mzee," dereva akasema, "dakika tano za ukweni nazijua mimi."

Nilicheka. Nilifikiri ni adabu iliyonisimamisha, na nimewaambia watu hivyo mara nyingi. Lakini Mungu anajua. Mimi hupenda kupokewa ukweni. Napenda kiti cha mbao kinachopanguswa kwa leso, na watoto wanaopiga magoti kunisalimia. Nilitaka wanione nimempandisha binti yao kwenye gari, nampeleka matembezi kama wazungu.

Mama mkwe hakutoka, kwa kuwa kwao mama hasimami uso kwa uso na mkwewe. Alisema nami akiwa nyuma ya ukuta wa jikoni.

"Mkwe amekuja?"

"Nimekuja, mama. Tunapita tu."

"Anapita nyumbani kwangu na tumbo tupu? Nitaificha wapi sura yangu?"

Na kabla sijajibu nikasikia kelele za kuku. Shemeji yangu, dada mkubwa wa mke wangu, alikuwa tayari anamkimbiza jogoo kuzunguka ghala. Kila mtu wa kwetu anajua maana yake. Kuku wa mgeni akishakamatwa, mgeni si wake mwenyewe tena. Kuondoka akiwa bado sufuriani ni kuitukana nyumba, na mkwe akifanya hivyo habari huvuka mpaka na kurudi.

"Mnakwenda wapi alfajiri hivi?" shemeji aliniuliza, jogoo amembana kwapani.

"Mlimani. Kutazama."

"Kutazama nini?"

"Mlima."

Alicheka mpaka jogoo nusura amtoroke. "Si huu hapa! Kaeni mtazame, huku ni bure. Au ule wa huko una macho?"

Alipotamka neno macho akaingia jikoni haraka.

Yule jogoo alikuwa mzee. Alichemka saa nzima na bado nyama ilivuta. Kuni zilikuwa na maji ya mvua ya usiku. Halafu ukasongwa ugali wa mtama na muhogo, halafu tukasubiri sahani iliyokwenda kuazimwa kwa jirani. Dereva alikaa kwenye bodi ya gari akitikisa mguu. Mke wangu hakuingia ndani. Alisimama ukingoni mwa uwanja, ametupa mgongo, ameinamisha kichwa upande ili lile jicho moja lilenge vizuri.

"Bado uko," alisema, bila kugeuka.

Baadaye kidogo akasema tena, "Bado uko."

Nililetewa firigisi peke yake kwenye kisahani, kama inavyompasa mwanamume wa heshima. Nikaomba baraka, ombi refu, nikawataja wote wa nyumba ile. Nikala. Ilikuwa tamu. Nasema hivyo kwa sababu nimezeeka na sina haja ya kujificha: ilikuwa tamu, na kwa muda ule niliusahau mlima.

"Unaanza kuvaa," mke wangu alisema kule nje.

Tulipoondoka ilikuwa saa tatu na nusu. Dereva aliendesha kama aliyeibiwa. Tulipita Bungoma, tukapita Chwele, kisha barabara ya udongo ikaanza kupanda katikati ya mahindi na migomba, hewa ikawa baridi, na mke wangu akapitisha mkono mbele yangu, akafungua dirisha, akaivuta kwa pua kama mtu anayenusa chakula. Karibu na Kapsokwony miti ikawa mikubwa, na kati ya miti kulikuwa na kitu cheupe kinachotembea. Mimi nilikiona. Nikamwomba chai.

Juu ya hapo kulikuwa na nyumba ya wageni ya kanisa moja, yenye varanda inayotazama kusini-magharibi, kwetu. Nataka kusema ukweli kwamba ni mahali pazuri. Maua ya njano yalipandwa mpaka kwenye ngazi, maji yalisikika yakishuka mahali fulani chini, na kulikuwa na viti virefu vya kulala chali. Tulifika saa sita. Mbele ya varanda hapakuwa na nchi. Palikuwa na weupe tu, kama shuka iliyotundikwa.

Nilimkalisha kwenye kiti. Alitazama mbele. Akageuza kichwa kushoto, akakigeuza kulia, taratibu, kama anavyofanya mtu anayetafuta sindano. Kisha akanishika mkono, akaukaza.

"Mwalimu. Huu ni ukungu, au ni macho?"

"Ni ukungu, mama."

"Usinidanganye. Weupe kila mahali. Yamekwisha?"

Nikainua mkono wangu karibu na uso wake. "Vidole vingapi?"

Aliinamisha kichwa upande. "Vitatu," akasema. Kisha akalia, kwa shukrani nadhani, akauvuta ule mkono akauegemeza kwenye shavu lake. Mkono wangu bado ulinuka mafuta ya kuku.

Mama aliyeitunza nyumba ile alituletea maji ya moto, akatuhurumia. "Poleni, wazee wangu. Mngefika saa tatu mngeona mpaka Uganda. Leo ilikuwa kama kioo, sijaona asubuhi kama hii mwezi mzima. Hata ziwa lilionekana."

"Saa tatu?" mke wangu aliuliza.

"Saa tatu, ndiyo."

Hakunigeukia. Mpaka leo hajawahi kunilaumu, na mara nyingi nimetamani anilaumu.

Tuliomba tulale. Dereva alikuna kichwa, akasema gari ni la kanisa, na kasisi anangoja, na mimi mwenyewe nilikuwa nimepangwa kusoma neno asubuhi. Angeweza kushuka peke yake sisi tukabaki. Wazo hilo lilinijia wiki mbili baadaye. Siku ile nilifikiria wajibu wangu kanisani, nikaona si vyema nafasi yangu ibaki tupu. Saa nane mvua ikashuka, dereva akasema barabara itateleza, tukaondoka. Kwenye gari nilimwambia, "Tutarudi, mama. Safari ijayo hatusimami popote."

"Haya," alisema.

Kabla ya mvua za masika kwisha, jicho la kulia likafunga. Siku hiyo aliita kutoka uani kuuliza kama kuna ukungu. Jua lilikuwa linawaka.

Nimeomba sana. Nimefunga. Nimesimama mbele ya watu nikafundisha kwamba Mungu hageuzi kisogo, na nikamaanisha, kisha nikarudi nyumbani nikamkuta ameketi mlangoni, uso wake kaskazini. Anajua upande wenyewe kwa joto la jua shavuni. Kwa nini Mungu aniachie macho mawili mimi, ambaye sikuwa nataka kuona kitu?

Miaka michache baadaye, muongo ule ukielekea mwisho, wazee wa kanisa walikwenda maombi ya siku mbili katika nyumba ile ile. Sikutaka kwenda. Yeye ndiye aliyenisukuma. "Nenda. Ukirudi utaniambia."

Tulilala huko. Asubuhi nilitoka peke yangu, nikasimama kwenye varanda. Niliona yote. Niliona mwamba wa Tororo, mdogo kama jiwe la kufungia mlango. Niliona mstari wa ziwa. Nchi yetu yote ilikuwa imelala pale, mashamba yameshonwa moja kwa jingine, na upande wa Adungosi kitu kilikuwa kinang'aa. Sisemi ilikuwa nyumba ya mama mkwe, mabati ni mengi. Lakini kiling'aa, kikazimika, kikang'aa tena. Wenzangu walitoka wakaanza kuimba sifa. Mimi nilishuka ngazi peke yangu, mpaka sauti zao zikaisha.

Niliporudi alikuwa amekwisha kuandaa chai, kwa kupapasa. Alikaa karibu nami, akaweka mkono kwenye goti langu.

"Haya, Mwalimu. Nyumba yetu inaonekana?"

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Nikamtazama uso ule, uliokuwa umejiandaa.

"Kulikuwa na ukungu," nikasema.

Alivuta pumzi ndefu, akapiga goti langu taratibu. "Hata wewe," alisema. "Pole. Basi huo mlima ndivyo ulivyo." Na nikaona mabega yake yameshuka, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Ni uongo ambao sijautubu. Kila nikipiga magoti niutubu, namwona alivyotulia, na nasimama nao.

Wewe unayesoma, Mungu akulindie macho yako na ya mtu wako. Akuamshe mapema, akupe asubuhi iliyooshwa na mvua. Na ukipita mbele ya lango la watu wakupendao, akutie nguvu ya kupunga mkono tu na kuendelea na safari, ufike kabla ya saa tatu. Amina.