Sindano ya Papa Neuf

Hapa Rwambuzi, mtaa wa Bunia, watu waliniita Papa Neuf, yaani Baba Tisa, nami nikavimba kichwa. Jina langu ni Kasereka. Kwa miaka ishirini na miwili nimeendesha phonie ya parokia, redio ya kuzungumza na vituo vya mbali. Simu zikikatika, foleni yangu hufika barabarani.

Redio ina kidirisha chenye sindano na namba, moja hadi tisa. Mtu akileta ujumbe, nilimsogeza aitazame. Ikipanda hadi tisa nilimwambia, "Neuf! Message imefika. Wende na amani." Kanuni yetu inataka wa upande wa pili arudie ujumbe neno kwa neno, ndipo uhesabiwe umefika. Mimi niliiacha zamani. Niliona ni mambo ya wanafunzi.

Jumanne moja alikuja Mama Léonie, mkimbizi kutoka Djugu. Mama yake alikuwa amefariki. Alitaka mjomba wake Nicolas aitwe kutoka Mahagi-Port, maana katika ukoo wao kaka wa marehemu ndiye anayetupa udongo wa kwanza. Maziko Alhamisi. Nikaita, nikausoma ujumbe wote. Nilipoachia kitufe, redio ilinguruma na sindano ikaruka hadi tisa. Sikusikia hata neno moja.

"Neuf, mama," nikasema.

Nicolas hakuja. Walimngoja mpaka padri akachoka, wakazika. Ukoo mzima ukamlaani, eti amemdharau dada yake. Nami nilikuwa pale matangani, nakula wali wao, nikatikisa kichwa pamoja nao.

Jumamosi mwenzangu wa phonie ya Mahagi-Port akaniita. "Kasereka, tangu lundi, Jumatatu ile, batterie yetu ilikufa, tumeamuka leo tu. Bunia kuko habari gani?"

Kabla sijajibu, jirani akawasha mashine yake ya kusaga muhogo. Redio ikanguruma. Sindano: tisa. Mashine ya muhogo! Sindano hupima kinachokuingilia, hata kama ni takataka; haikuambii kama wewe umesikika. Kijitabu cha redio kinasema hivyo, nami nilikuwa nimekiweka chini ya mguu wa meza.

Niliona haya hadi masikio yakawaka. Nikawaza kunyamaza. Nani angejua? Lakini mzee wa watu alikuwa anatukanwa kwa ajili ya kiburi changu. Nikaenda kwa Léonie, nikamwambia yote nimesimama, maana kiti sikustahili.

Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

"Papa Kasereka, basi siye tulimulaani noko Nicolas bure," akasema. "Twende ku phonie. Weye mwenyewe utamwambia, na watu wasikie."

Foleni ilijaa mlangoni. Nicolas akaitwa kwenye redio ya kule. Sindano ilicheza kwenye mbili tu, lakini sauti yake ilikuja safi. Nikamwambia dada yake amefariki na amezikwa, kwamba yeye hakuitwa, kwamba kosa ni langu. Nikanyoosha mkono kuzima.

"Bado," akasema Léonie. "Mwambie arudilie."

Nikamwomba arudie. Kisha mzee, polepole, mbele ya foleni nzima: "Nimepata. Dada yangu amekufa. Walishamuzika. Mimi sikuitwa. Kosa ni ya Kasereka. Ni vile?"

Nikabonyeza kitufe.

"Ni vile, papa."