Fundi wa Piano Aliyechagua Helmeti kwa Masikio

Saa tatu kasoro asubuhi, pikipiki ya rangi ya chungwa inamaliza kona za mwisho za kupanda Sakuma, juu ya Mto Tenryu, na kuzimwa mbele ya nyumba yenye mlango wa kusukuma. Mwendeshaji hana haraka ya kushuka. Anavua glavu, anafungua kamba ya kidevuni, anaitoa helmeti kubwa nyeupe kwa mikono miwili, kisha anachomoa vizibo viwili vidogo masikioni na kuvitia kwenye kopo la peremende.

Halafu anatulia tu pale juu ya kiti, macho kwenye miti ya misonobari. Maji yanatiririka mahali fulani chini ya barabara. Anayasikiliza mpaka anaridhika.

"Masikio yametoka safarini kama mimi," anasema Nagura Chisato. "Siyaiti kazini kabla hayajapumzika."

Chisato, mwenye miaka 56, ni fundi wa kulinganisha sauti za piano kutoka Hamamatsu. Katika mji unaotengeneza piano na pikipiki, si ajabu kumkuta mtu anayeishi kwa vyote viwili. Ajabu ni jinsi kimoja kilivyokaribia kumnyang'anya kingine, na jinsi helmeti ilivyoingia katikati.

Mlango unasukumwa. Mwenye nyumba, Mwalimu Hirao Otoe, anayefundisha watoto piano hapa kijijini, anamkaribisha fundi wake ndani, kwenye chumba chenye jiko la mafuta ya taa lililowashwa tangu alfajiri ili piano isishtuke na baridi. Hawasemezani sana. Chisato anafungua sanduku la vifaa, anagonga uma wake wa chuma wa kupimia sauti kwenye goti, anausogeza sikioni, na kazi inaanza.

Aliingia kiwanda cha piano akiwa na miaka kumi na minane. Alianzia kubandika manyoya ya kondoo kwenye vinyundo, akaishia chumba cha mwisho, kile ambacho piano haitoki bila mtu kuisikiliza noti kwa noti. Pikipiki aliinunua humo humo kiwandani, kwa mfanyakazi mwenzake aliyekuwa anaoa na ambaye mchumba wake hakuitaka. Ni ya silinda mbili, ya mwaka 1974, na hata wakati huo ilikuwa imeshazeeka.

Kiwanda kilipopunguza watu, alianza kujitegemea. Zamani alikuwa akipata piano arobaini kwa mwezi, lakini watoto wamepungua milimani na siku hizi akifika ishirini anashukuru. Kila moja humpa yeni elfu kumi na tano. Mumewe, Eisuke, dereva wa basi aliyestaafu, alimshauri mara nyingi anunue kigari kidogo chenye paa. Chisato alimjibu kwamba kigari kingemfikisha, ila kisingemtia hamu ya kwenda.

Kwa miaka thelathini alivaa helmeti ya uso wazi na miwani ya upepo. Aliipenda kwa sababu alisikia harufu ya majani ya chai yakikaushwa, aliwasalimia wateja kabla hajasimama, na zaidi ya yote aliisikia injini. Pikipiki ya umri ule, anasema, haina taa za kukuonya. Inakuambia kwa sauti, na wewe ujue inasema nini.

Kisha ikaja ile siku ya Novemba, mwaka juzi, katika chumba hiki hiki.

Alikuwa amemaliza kazi, na Mwalimu Otoe akaketi kujaribu piano kama kawaida yake. Safari hiyo alipiga wimbo mfupi wa watoto, wote kwenye noti za juu kabisa. Akaurudia. Akaurudia tena, polepole, huku akimtazama Chisato kwa pembeni. Chisato akatabasamu na kusema piano inaonekana kuridhika.

Otoe alikwenda kuleta chai. Chisato, kwa kutafuta la kuongea, akasema mwaka huo nyenze wa Sakuma wamejitahidi sana, kwani hata sasa bado wanaimba.

"Nilikuwa nimeshika birika," anakumbuka Otoe. "Nikaliweka chini. Nikamwambia, 'Dada Nagura, nyenze walikwisha mwezi wa tisa.'"

Kwa muda wote ule, wale nyenze walikuwa wakiimba ndani ya kichwa cha Chisato.

Daktari wa masikio mjini alimfungia kwenye kibanda, akamchezea sauti moja moja, kisha akamwonyesha mchoro. Mstari ulikwenda vizuri kutoka noti nene mpaka za kati, halafu ukaporomoka pale pale zilipo noti za mwisho za piano. Alimuuliza kama amewahi kufanya kazi kwenye mashine za kelele. Hapana. Anapiga bunduki? Hapana. Anapanda pikipiki? Chisato akaitazama helmeti mapajani mwake.

Aliambiwa si injini iliyomdhuru bali upepo, saa baada ya saa, mwaka baada ya mwaka, ukivuma kwenye masikio yaliyoachwa wazi. Kilichopotea hakirudi. Kilichobaki kinaweza kulindwa kwa vizibo na helmeti ya kufunika uso mzima, au kwa kuacha pikipiki.

"Nilirudi nyumbani kwa basi la mume wangu wa zamani," anasema, kisha anacheka na kujirekebisha: mume ni yule yule, ila basi sasa linaendeshwa na mwingine. "Nilikuwa nimechanganyikiwa kiasi hicho. Pikipiki niliiacha hospitali siku mbili."

Eisuke alidhani mambo yamekwisha na kigari kitanunuliwa. Chisato hakubishana naye. Jumamosi iliyofuata alikwenda kwenye duka la helmeti karibu na stesheni.

Anayehudumu pale ni Rosane Higa, mzaliwa wa Brazili aliyekuja Hamamatsu akiwa msichana mdogo na wazazi waliofuata kazi za viwandani. Rosane alimpima kichwa kwa utepe, kisha kwa kifaa cha mbao chenye mikono miwili, mbele na nyuma, sikio kwa sikio. Matokeo aliyatangaza bila kumung'unya maneno.

"Dada, una kichwa cha kiazi kitamu. Kirefu. Ndiyo maana ile yako ya zamani ilikuwa inacheza pembeni na kuingiza upepo."

Alimfundisha namna ya kujaribu. Helmeti ibane mashavu mpaka mdomo uchongoke kidogo, kwa sababu sponji hulegea baadaye. Ukitikisa kichwa, ngozi ya uso iende nayo. Usiamue upesi: kaa nayo muda mrefu, zunguka dukani, angalia kama paji la uso linauma mahali pamoja. Mwenye kichwa kirefu hasaidiwi na saizi kubwa. Anahitaji sponji nyembamba mbele na nene pembeni, na hilo hurekebishwa pale pale.

Yote hayo Chisato aliyafuata, lakini macho yake yalikuwa kwenye helmeti moja ya rangi ya krimu. Ilifunika uso mzima, ila kwa umbo la zamani, yenye mdomo wa duara na kioo kinachobanwa kwa vifungo vitatu. Ilifanana na pikipiki yake kana kwamba zilitoka kiwanda kimoja mwaka mmoja.

Swali lake lilikuwa moja: ipi ina kelele kidogo? Rosane alikiri hawezi kumjibu. Dukani helmeti zote ni tulivu. Na helmeti ya duka haiendi barabarani kabla ya kununuliwa, kwani ikidondoka mara moja tu haiuziki tena.

"Nilifikiri ataondoka," anasema Rosane. "Wateja wengi huniuliza rangi na bei. Huyu alitaka kujua upepo unaingilia wapi. Usiku ule sikulala vizuri, na mimi nikataka kujua."

Wakazi wa huku wanaujua upepo mkavu wa Desemba, ule unaoshuka kutoka kaskazini-magharibi na kusukuma baiskeli nyuma. Siku ya mapumziko yake, Rosane alipakia helmeti nne kwenye gari lake zikiwa zimefungwa mablanketi, wakakutana juu ya tuta la mto. Chisato aliielekeza pikipiki kwenye upepo, akaisimamisha kwa stendi, akaketi juu yake wima, mikono kwenye usukani, kama mtu anayesafiri bila kwenda popote. Mzee aliyekuwa akitembeza mbwa aliwapita mara mbili ili aone vizuri.

Ya kwanza ilikuwa ya wakimbiaji wa mashindano. Alipoinama ilikuwa shwari kabisa. Alipokaa wima, ukingo wa juu ulimzuia kuona mbele na upepo ukaishika kidevuni ukaivuta juu.

"Hiyo imetengenezewa mtu anayelala juu ya tangi," Rosane akamwambia kwa kupaza sauti. "Wewe unakaa kama umekuja kunywa chai."

Ya pili ilikuwa ile inayofunguka kidevuni. Ilikuwa nzito, na ilinguruma kwenye maungio. Ya tatu ilikuwa ya krimu. Chisato aliivaa na kufumba macho. Upepo ulipenya kwenye kingo za kioo na kupiga filimbi nyembamba isiyokatika.

Ya nne ilikuwa nyeupe, pana, haina pambo, ina kola nene ya shingoni na kitambaa cha kuziba chini ya kidevu. Alipoivaa, anasema, upepo ulikwenda chumba cha pili. Bado ulikuwepo, lakini kama mtu anayefagia nyuma ya ukuta.

Alijua jibu papo hapo. Hata hivyo, aliivua, akaishika tena ile ya krimu.

"Naitaka hii," alisema.

"Najua. Umeiangalia tangu ulipoingia dukani."

"Nikiziba kingo kwa utepe?"

Rosane alimwambia ni hela yake, hatamkatalia. Alitaka tu kujua kitu kimoja.

"Ile filimbi ilikuwa noti gani?"

"Mi," Chisato akajibu. "Mi ya juu."

"Basi utakaa na hiyo Mi kichwani kutoka hapa mpaka Sakuma na kurudi. Kila wiki."

Chisato aliizungusha mikononi mara moja, akairudisha kwenye blanketi mwenyewe. Nyeupe ilimgharimu malipo ya piano tatu na robo. Eisuke alipoiona mezani aliuliza kwa nini wamenunua sufuria nyingine ya umeme ya kupikia wali.

Safari ya kwanza haikwenda vizuri. Akiwa na vizibo na helmeti mpya, aliipoteza sauti ya injini. Alipanda mlima kwa gia ya tatu badala ya gia ya pili bila kujua inateseka, na ikamzimikia kwenye kona, lori la mbao likiwa nyuma yake. Dereva alingoja bila kupiga honi, jambo lililomuumiza zaidi. Aliisukuma pembeni, akavua vyote, akakaa kando ya barabara akilia kwa hasira.

"Niliona nimelipa hela ili niwe kiziwi mapema," anasema.

Alichofanya kilikuwa cha kifundi. Aliwasha injini, akaivaa tena helmeti, akaweka kiganja juu ya tangi. Akaongeza mafuta kidogo, akapunguza, akaongeza. Alifanya hivyo mpaka akaanza kuitambua kwa kiganja, kisha kwa magoti, kisha kwa nyayo. Siku za mwanzo kiwandani, anaeleza, walifundishwa kuusikia waya kwa mkono ulioshika spana kabla ya sikio. Alikuwa amesahau.

Wiki chache baadaye likatokea jambo ambalo hakulitarajia. Akiwa kwenye barabara tambarare kando ya mto, alisikia mlio mdogo wa chuma upande wa kushoto. Aliusikia ndani ya helmeti, na vizibo vikiwa masikioni. Alisimama, akakagua, akakuta nati ya ekzosi imelegea, na kutu ilikuwa imeshaota mahali ilipokuwa ikisugua. Ilikuwa imelegea kwa miezi mingi.

Miaka yote aliamini anaisikia pikipiki yake kwa sababu uso uko wazi. Kumbe upepo ndio uliokuwa ukimfunika. Ulipoondolewa, sauti ya injini ikabaki peke yake, ndogo na safi.

"Nilipomsimulia Rosane," anasema, "alifunga duka mapema tukaenda kula gyoza, vile visambusa vidogo vya nyama."

Kulikuwa na neno moja zito zaidi la kusema, na hilo lilikuwa la kumwambia Mwalimu Otoe. Chisato alipanda Sakuma akamweleza yote, mchoro wa daktari na mstari ulioporomoka. Alisema noti za juu hawezi tena kuziapia, kwa hiyo atamtafutia fundi mwingine, na piano ile atairudia bure.

Otoe alimsikiliza mpaka mwisho. Alimwambia asipomtoza pesa hatamwita tena, na kwamba fundi mwingine hamtaki. Kama noti za mwisho zina shida, kuna masikio mawili zaidi humu ndani.

Ndivyo wanavyofanya leo. Kuanzia noti nene mpaka za kati Chisato yuko peke yake, na chumba kizima kinanyooka taratibu chini ya mkono wake. Anapofika kwenye noti za mwisho anawasha kipimo kidogo cha umeme, na Otoe anasogeza kiti. Chisato anakaza, Otoe anasikiliza. "Bado." "Bado." "Umepita kidogo." "Hapo." Wanafanya hivyo bila kuoneana aibu, kama wanawake wawili wanaokunja shuka moja.

Kipimo cha daktari cha mwezi wa sita kilionyesha mstari haujashuka zaidi. Nyenze bado wapo, hasa usiku, lakini amewazoea.

Machi hii shule ya msingi iliyo katika bonde la jirani inafungwa, na Chisato ameombwa kuiandaa piano yake kwa sherehe ya mwisho. Atapanda na pikipiki siku moja kabla, na Otoe atamfuata kwa gari kwa ajili ya noti za juu. Aprili atarudi kwenye kile kibanda cha daktari. Ameshamwahidi Eisuke kwamba mstari ukishuka tena, hata kidogo, atauza pikipiki na kununua kigari, bila mjadala.

Mnunuzi hana haja ya kutafutwa. Rosane ameipenda tangu siku ya tuta, na hakuficha.

"Nimemwambia asimuuzie mwingine," anasema Rosane huku akipangusa kioo cha helmeti dukani kwake. "Na kila Jumapili kanisani naomba nisiipate."