Milango Iliyopimwa kwa Uzito Wetu

Fundi anaziba bampa yangu, na harufu kali ya gundi ya faiba inanirudisha uani kwetu Kamenge, ambako baba alijiundia gari. Bodi yote ilikuwa ya faiba, na vumbi lake lilituwasha shingoni hata baada ya kuoga. Siku ya kufunga milango alituita wote, mama akiwa bado na unga mikononi.

"Mama watoto, we kaa mbele. Batoto nyuma. Mutu asitikisike!"

"Sisi tena, ya nini?" mama aliuliza.

"Gari tupu inadanganya; batu bakiingia, bodi inashuka. Milango napima na batu yangu ndani."

Tulikaa juani, mapaja yakinata kwenye viti, yeye akilegeza bawaba na kuzikaza, mpaka mlango wa mama ukafunga kwa mlio mmoja laini. Mama alicheka kwa furaha.

Gari lilipokamilika, baba alihama nalo, akatuacha.

"Bila sisi, ile milango itamusumbua," mama alisema. Nilimwamini.

Kabla sijamaliza shule ya msingi nililiona gari lile mtaa wa Kinindo. Mwanamke alishuka na watoto wake, akausukuma mlango kwa kidole. Ukafunga kwa mlio uleule laini.

Kumbe baba aliwakalisha nao ndani, akapima upya.