Aliyeitwa kwa Jina

Wiki ya maombi ya mwaka mpya, Tokilupe alisimama kanisani, kijijini kwao kisiwani Vava'u, akasema Mungu amemwita kwa jina. Akina mama walilia mpaka wakalowesha mikeka waliyojifunga kiunoni kwa heshima ya ibada, kama ilivyo desturi yao. Mchungaji akamkabidhi sala ya kufungua ibada. Mwanamke aliyezeeka akisuka mikeka ya harusi za wenzake, asiyeolewa wala kuulizwa neno, ghafla akawa mtu wa watu.

Sauti ile ilimnyima usingizi na kumsahaulisha chakula, lakini nani alijali, maadamu ilisema mazuri? Kisha Jumapili moja ikamtuma aseme, "Nguruwe mnamletea Mungu, anayenenepa ni mchungaji."

Kufumba na kufumbua, nabii akawa mgonjwa. Wakasema ni marehemu mama yake anamsumbua, maana kwao mfu akichomwa na mzizi kaburini, huugua jamaa yake aliye hai. Kaka yake, Semisi, akafukua kaburi na wenzake, na kweli wakakuta mzizi umepenya fuvu. Wakaukata, wakaipaka mifupa mafuta ya nazi, wakaizika upya. Tokilupe aliendelea kuitwa.

Ndipo wakampeleka hospitali, akarudi na vidonge ambavyo hakuvigusa. Semisi, ambaye kwa heshima haingii chumba alimo dada yake, alisema naye akiwa nje ya mlango.

"Dada, meza hivyo vidonge. Watu wanatucheka."

"Nikimeza atanyamaza."

"Si ndiyo tunachotaka?"

"Mnataka nyinyi. Mimi nani mwingine amewahi kuniita?"

Semisi akabaki pale mlangoni akilia. Tokilupe akamwonea huruma, akameza.

Usingizi ukarudi, mwili ukarudi, sauti ikaenda zake. Ukazuka ugomvi wa aibu: Semisi akidai dawa ilikuwa kuukata ule mzizi, mchungaji akidai ni maombi yake. Vidonge havikutajwa na yeyote. Mwishowe wakapatana kwa kuchoma nguruwe, na mchungaji akapewa mnofu wa mgongoni, kama kawaida yake.

Tokilupe akaitwa mbele atoe ushuhuda.

"Zamani nilikuwa naitwa," akasema. "Sasa nasali kutwa, hakuna anayenijibu."

Kanisa zima likaitikia amina.

"Tumshukuru Mungu," mchungaji akasema. "Dada yetu amepona. Amekuwa kama sisi."