Daktari wa Mifugo Auza Gari

Daktari wa mifugo, mstaafu wa miaka mitatu, alilisugua gari lake siku mbili kabla ya kubandika karatasi ya "Linauzwa" kwenye kioo cha nyuma. Lilikuwa gari la kazi, linalovuta kwa magurudumu yote manne, na mita yake ilishapita kilomita laki nne na nusu. Harufu ya dawa ya kuogeshea ng'ombe haikutoka kwa sabuni wala kwa maombi.

Fundi wake alimvuta pembeni. "Daktari, mita tunairudisha nyuma kwa dakika kumi tu."

"Na mimi utanirudisha miaka mingapi?"

Fundi akacheka, akaenda zake.

Wateja wakaja. Kila mmoja alichungulia uvunguni, akagonga bodi, kisha akauliza kwa nini linauzwa. Wa kwanza aliambiwa mafuta yamepanda. Wa pili, kwamba uani hapatoshi. Wa tatu, kwamba mgongo unasumbua. Mkewe, mwalimu wa hesabu, aliyasikia yote kupitia dirisha la jikoni.

Jumamosi akaja mama mmoja mfuga nyuki, mwenye mizinga huko vilimani. Alilala chini ya gari bila kujali nguo, akaibuka na vumbi hadi kwenye nywele.

"Shokomzoba za mbele zimechoka."

"Zimechoka kweli," daktari akakubali. "Na gia ya pili haitaki haraka."

Mama akatabasamu. "Basi liendeshe wewe kwanza, mzee wangu. Nataka kuona linavyomtii mwenyewe."

Mwalimu, aliyekuwa na safari ya sokoni, akadandia siti ya nyuma. Daktari akakaa kwenye usukani, akaingiza ufunguo. Hakuuzungusha.

"Vipi, mzee wangu?"

"Macho," akasema. "La kushoto limeshakwenda. La kulia linaona katikati tu. Mwezi wa nne nilimkosakosa mtu wa baiskeli. Sikumwona, nilisikia ukelele wake."

Mwalimu akasema taratibu kutoka nyuma, "Mwezi wa nne. Ile taa uliyosema imevunjwa na ng'ombe."

"Niligonga ukuta nikimkwepa."

"Na miezi yote hii unanipakia humu, huoni!"

"Nisamehe, mke wangu. Miaka thelathini watu wakisikia mlio wa gari hili wanatoka nje kunipokea. Nilijiuliza, nikifika kwa miguu, nani atajua ni mimi?"

Mwalimu alishuka, akafungua mlango wa mbele. "Toka hapo."

Mfuga nyuki ndiye aliyeendesha. Waliporudi alitaja bei ndogo kuliko iliyotakiwa, na daktari hakubishana.

Siku tatu mkewe hakumpa neno zaidi ya "chakula tayari". Ya nne akaomba ruhusa shuleni, akamshika mkono hadi kliniki ya macho. La kushoto halitarudi, wakaambiwa. La kulia litatunzwa kwa dawa ya matone, asubuhi na jioni, bila kukosa.

Wakarudi kwa miguu, mke upande wa kushoto.

"Shimo," akasema. Baada ya hatua kadhaa, "Jiwe." Sauti yake bado ilikuwa na hasira, lakini mkono hakuuachia.

"Nimesikia, mwalimu," daktari akaitikia, akainua mguu.