Salha Alipompigia Magoti Mumewe

Generosa alikuwa msusi mwenye mkono mwepesi na mdomo mzito. Aliyesukwa naye aliondoka bila maumivu ya kichwa, lakini hakuondoka na habari yoyote ya maisha yake. Watu wa Kasulu walijua tu kwamba ni Muha wa Busunzu, kule Kibondo, na kwamba hana jino moja la mbele. Wengi walidhani lilioza. Kumbe mumewe, Castory, ndiye aliyeling'oa kwa ngumi, tena hajaonja pombe hata tone, eti maharage yamepungua chumvi. Kesho yake Generosa alitumwa maji. Akaiacha ndoo kisimani, akadandia lori la mihogo hadi Kasulu, na hakugeuka nyuma.

Saluni aliyokuja kuifungua mtaani Murubona ilikuwa na runinga ukutani, na kila jioni wanawake walijazana kutazama tamthilia ya Salha. Salha alikuwa mke wa tajiri. Akapigwa, akadhalilishwa mbele ya wakwe, mwisho akatoka na kanga aliyojifunga, akauza uji stendi hadi akafungua mgahawa wake. Generosa alimpenda kama mtu aliyechangia naye ziwa. Siku Salha alipopokea ufunguo wa mgahawa, Generosa alienda uani akalia peke yake, kisha akarudi na macho makavu kuendelea kusuka.

Basi ikafika sehemu ya mwisho. Yule mume akagongwa na gari, akazinduka hospitali akiwa mpole kama kondoo. Salha akafunga mgahawa, akaenda kumpigia magoti kando ya kitanda, akamwomba radhi kwa kumkimbia. Mume akampapasa kichwa. Muziki ukapanda, ikaisha.

Rabia, mwalimu wa sekondari aliyehamishiwa huku kutoka Tanga, akasonya kwa nguvu.

"Huu ni uchafu! Miaka miwili tumemfuata huyu mwanamke, leo wanamtupa jalalani?"

"Mwalimu nawe," alisema Esteri, muuza dagaa, ambaye nywele zake zilikuwa nusu zimesukwa, nusu zimesimama. "Mume kabadilika. Kwani mtu habadiliki?"

"Anabadilika, dada yangu, sikatai. Lakini tumwone akibadilika! Tumwone anakosa usingizi, anakwenda kwa aliyemuumiza, anataja alichofanya kwa jina lake. Huyu kagongwa na gari tu. Gari linavunja mguu, halileti utu. Mwandishi alichoka, akatafuta njia ya mkato."

Benita, Mkongomani aliyekuja kutoka kambi ya Nyarugusu kuuza vitenge, akatikisa kichwa. "Na ule mwanamuke, anaomba pardon ya nini? Mutu anakupiga, kisha weye ndiye unapiga magoti? Bule kabisa."

Generosa alihisi kinyaa, kama mtu aliyemeza maziwa yaliyochacha. Akazima runinga, akamalizia kichwa cha Esteri.

Juma lililofuata Esteri alikuwa amerudi kurekebishiwa nywele za mbele, Rabia naye akisubiri zamu, pakaingia bibi mmoja mwenye kapu la unga wa muhogo. Alikuwa Immakulata, shangazi yake Castory. Nyuma yake alisimama Castory mwenyewe, shati limepigwa pasi, kofia mkononi.

"Shikamoo shangazi," Generosa alisema. Adabu ilimtoka yenyewe.

"Marahaba, mwanangu. Tumekuja kukuchukua." Bibi akakaa bila kukaribishwa. "Mwanamke hakai mjini kama mbuzi aliyekata kamba. Hata yule Salha wenu, pamoja na mgahawa wake, si amerudi kwa mumewe? Kijiji kizima tumemwona."

Generosa akauweka mkono begani kwa Esteri, kama anayetafuta pa kushika. Tamthilia aliyoilea moyoni ilikuwa imetembea hadi Busunzu, ikarudi kuwa fimbo ya kumchapia.

"Nimebadilika, Gene," Castory alisema kwa sauti laini, ileile ya mume wa Salha pale kitandani hospitali.

"Umebadilika. Sawa. Jino langu liko wapi?"

"Ah. Hayo ya zamani tena ya nini?"

"Nakuuliza. Nani aliling'oa?"

Castory aliwatazama wale wanawake, akageuza kofia. "Shetani alinipitia. Na wewe nawe siku hizo ulikuwa na kiburi."

Generosa alimtazama usoni, akaona vile vidole vinene vikizungusha kofia, na mwili ukamsisimka kwa karaha. Hofu aliyoitegemea haikuja. Kilichokuja ni hamu ya kunawa.

"Toka," akasema. "Shangazi, chukua na unga wako."

"Utazeeka peke yako!" bibi alifoka.

"Nitazeeka nikiwa na meno yaliyobaki."

Walipoondoka, Esteri aliinamisha macho. "Mimi nilijua limeoza," akasema kwa sauti ndogo. Generosa alikwenda uani, akatapika kweli.

Maneno yakaenea. Akina mama kadhaa wa kwaya wakahama saluni, wakisema hawawezi kushikwa kichwa na mvunja ndoa. Generosa hakuwabembeleza. Rabia akamsindikiza kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa, kisha mahakamani kudai talaka, na Esteri akasimama kutoa ushahidi wa aliyoyasikia kwa masikio yake. Mbele ya hakimu Castory alirudia yaleyale, shetani na kiburi cha mke, akaongeza na chumvi ya maharage. Aliyasema bila aibu, kama mtu anayetaja bei ya mahindi, na Generosa akashangaa kwamba aliwahi kumpikia huyu, kumfulia, kulala ubavuni pake.

Ndoa ikavunjwa. Rabia alitaka washangilie, lakini Generosa hakuwa na shangwe. Alitema mate kwenye vumbi nje ya mahakama, akajifuta mdomo kwa ncha ya kitenge.

"Tukale," akasema. "Nina njaa."